Ni nini huamua mahali pa kujenga daraja, na kwa nini kuvuka madaraja hakufanani?

Msafiri wa Nchi Kavu (mwulizaji)

Salaam kwenu nyote.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikitazama madaraja na kujiuliza kwa nini yamewekwa pale yalipo. Mtu asiye mtaalamu hudhani kwamba wajenzi hutembea ukingoni mwa mto hadi wapate mahali palipobana zaidi, kisha hujenga hapo, kwa kuwa daraja fupi lazima liwe rahisi. Mara nyingi naona kinyume chake: barabara inafika karibu kabisa na sehemu nyembamba ya mto, inaiacha, na kwenda kuvukia mbele ambako maji yametanda. Wakati mwingine daraja limepindwa ilhali mstari mnyoofu ungekuwa mfupi zaidi. Ni nini hasa huamua?

Swali la pili linamhusu mvukaji. Yapo madaraja ninayoyavuka kwa miguu nikiwa na utulivu kamili, na yapo mengine ambayo, ingawa sina shaka kwamba ni imara, magoti hulegea nifikapo katikati na macho hukataa kutazama chini. Tofauti hiyo haiendi sambamba na kimo cha daraja, kwa maana yapo ya juu sana yasiyonitisha na yapo ya chini yanayonitisha. Ningependa kufahamu kama hofu hiyo ni yangu peke yangu, au kuna kitu katika daraja lenyewe, na pengine katika mahali lilipojengwa, kinachoileta.

Mhandisi wa Mito

Ndugu Msafiri, nitaanza na swali la kwanza, kwa kuwa ndilo kazi yangu ya kila siku. La pili nawaachia wengine walianze, ingawa naamini tutalirudia kwa pamoja.

Dhana ya kwamba mahali palipobana ndipo rahisi ina mantiki yake, lakini inausahau mto. Kiasi kilekile cha maji kinachopita penye upana wa mita 300 hakina budi kupita penye upana wa mita 100, na kwa kuwa hakipungui njiani, maji hayo hujipatia nafasi kwa kuongeza kina na kasi. Kwa hiyo, mara nyingi penye wembamba ndipo penye shimo refu na mkondo mkali, na kile unachookoa kwa kupunguza urefu wa daraja unakilipa chini ya maji, ambako kazi ya msingi ni ngumu na ya hatari. Wembamba huwa neema pale tu kingo zote mbili zinapokuwa mwamba mgumu. Daraja la reli la Victoria Falls, lililokamilika mwaka 1905, ni mfano mzuri wa jambo hilo. Korongo la Mto Zambezi hapo limechongwa katika mwamba wa basalti, hivyo tao la chuma lenye upana wa takriban mita 156 liliweza kukanyaga kuta za korongo lenyewe bila nguzo hata moja kusimama majini, na njia ya reli ikapita mita 128 juu ya mto. Penye mchanga au tope, tao la namna hiyo lingezisukuma kingo hadi ziachane.

Tunachokitafuta kwanza, basi, ni utulivu wa mto. Penye kona maji hukimbilia ukingo wa nje na kuumega, huku yakilaza mchanga upande wa ndani, na baada ya miaka kadhaa kona yenyewe huwa imehama. Ukijenga hapo unaweka kitu kisichotembea juu ya kitu kinachotembea. Ndiyo sababu barabara uliyoiona iliacha sehemu nyembamba na kutafuta sehemu iliyonyooka, hata kama ni pana, yenye kingo ambazo ramani na picha za miaka mingi zinaonyesha kwamba hazijasogea, na ambako daraja linaweza kuukata mto kwa pembe mraba. Daraja linalokata mto kwa mshazari huwa refu zaidi, na nguzo zake, zisipoelekezwa kwa uangalifu, huupokea mkondo kwa ubavu.

Ipo mito isiyokuwa na mahali pa utulivu kabisa. Mto Jamuna wa Bangladesh hugawanyika katika mikondo mingi inayobadilika kila msimu wa mafuriko, na eneo unalotangatanga lina upana mkubwa kuliko daraja lenyewe, ambalo lina urefu wa takriban kilomita 4.8 na lilifunguliwa mwaka 1998. Daraja hilo liliwezekana kwa sababu wajenzi waliweka pia kingo kubwa za kuuelekeza mto ili upite kati ya nguzo walizozijenga wala usizizunguke. Kazi ya kuutuliza mto ilikuwa sehemu ya daraja sawasawa na zege na chuma. Kule Choluteca, nchini Honduras, mambo yalikwenda vingine. Daraja jipya lilikuwa limekamilika muda mfupi tu kimbunga Mitch kilipopiga mwaka huohuo wa 1998. Daraja lilisalimika, lakini barabara za pande zote mbili zilisombwa na mto ukajichongea njia mpya pembeni, likabaki limesimama bila maji ya kuvuka hadi lilipounganishwa tena na barabara miaka kadhaa baadaye.

Niongeze jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Maji yanayogonga nguzo huteremka mbele yake, huzunguka mguuni, na kuchimba shimo. Wakati wa mafuriko shimo hilo huwa refu, kisha maji yanapopungua, mchanga hulifukia tena, kiasi kwamba mkaguzi anayekuja wakati wa kiangazi huona sakafu ya mto ikiwa imetulia kana kwamba hakukutokea lolote. Usiku wa tarehe 4 Machi 2001, nguzo moja ya daraja la Hintze Ribeiro juu ya Mto Douro, nchini Ureno, ilizama na watu 59 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa ndani ya basi. Uchimbaji wa mchanga katika mto huo kwa miaka mingi ulikuwa umeshusha sakafu ya mto na kuuacha msingi uchi. Kwa hiyo nikiulizwa kuhusu mahali pa daraja, nauliza pia ni nani anayechimba mchanga mbele na nyuma ya mahali hapo, kwa sababu mahali pazuri leo paweza kuharibiwa na watu ambao hawajagusa hata jiwe moja la daraja.

Mpenda Historia

Heshima kwako, Mhandisi. Nakubaliana na maelezo yako juu ya mto, ila nadhani yanatoa picha ya mtu anayefika ukingoni akiwa huru kuchagua. Ukweli ni kwamba mhandisi anapoitwa, watu wengine wamekwisha kuamua nusu ya jambo, na baadhi yao walikufa zamani sana.

Tazama London. Warumi walijenga daraja la kwanza hapo karibu mwaka 50 baada ya Kristo, mahali ambapo kilima cha changarawe cha upande wa kaskazini kilikuwa mkabala na visiwa vikavu vilivyochomoza kati ya matope ya upande wa kusini. Hoja ya udongo uliyoieleza inaonekana hapo waziwazi. Lakini tangu hapo barabara zote zilielekea daraja hilo, mji ukakua kulizunguka, na kila daraja lililolifuata likajengwa palepale au karibu sana, hata baada ya ufundi kuwezesha kujenga kwingine. Daraja huziita barabara, na barabara zikishakuja hazimruhusu mtu kulihamisha daraja. Meli nazo zilikuwa na neno lao. Zilipanda kutoka baharini hadi darajani na kupakua hapo, kwa hiyo kwa karne nyingi hakuna aliyeruhusiwa kujenga daraja upande wa baharini wa mji, kwa sababu lingefunga bandari. Tower Bridge, lililofunguliwa mwaka 1894, liliweza kukaa upande huo kwa sharti moja, kwamba sakafu yake ifunguke katikati na kuinuka ili milingoti ipite. Umbo ambalo wageni huenda kulipiga picha ni makubaliano kati ya watu wa nchi kavu na watu wa majini.

Ama kuhusu mpindo alioutaja Ndugu Msafiri, mfano ulio wazi kuliko yote ni daraja la Kazungula, lililofunguliwa mwaka 2021 juu ya Mto Zambezi kati ya Botswana na Zambia. Lina urefu wa mita 923, nalo limepinda kwa sababu mipaka ya nchi kadhaa inakaribiana sana mahali hapo, na mstari mnyoofu ungeingia katika eneo la Zimbabwe. Kabla yake malori yalivushwa kwa pantoni, na foleni zilidumu siku kadhaa. Mahali pa kivuko palijulikana tangu zamani, na mto pamoja na mwamba wake haukuwa na pingamizi. Kilicholipinda daraja ni mstari usioonekana ndani ya maji.

Siasa za ndani ya nchi zina nguvu vilevile. Daraja la Humber huko Uingereza lilipata msukumo wake mkubwa mwaka 1966, serikali ilipoahidi kulijenga wakati wa uchaguzi mdogo wa ubunge katika mji wa Hull. Lilipofunguliwa mwaka 1981 lilikuwa na umbali mrefu kuliko wote duniani kati ya minara miwili, mita 1,410, na likabaki na sifa hiyo hadi mwaka 1998, lakini magari yaliyolipitia yalikuwa machache kuliko ilivyotarajiwa na deni lake likawa mzigo wa miongo mingi. Sisemi kwamba lilikuwa kosa, kwa sababu watu wa kingo zile mbili walikuwa na haki ya kufikiana. Nasema tu kwamba hakuna sampuli ya udongo ambayo ingekueleza kwa nini lilijengwa wakati ule.

Nyakati nyingine ni msiba unaoamua. Tarehe 11 Mei 1955 kivuko kiitwacho Shiun Maru kilizama katika Bahari ya Ndani ya Japani baada ya kugongana na chombo kingine, watu 168 wakafa, na wengi wao walikuwa watoto wa shule waliokuwa safarini. Kilio cha wazazi hao kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyosukuma ujenzi wa Daraja Kuu la Seto, lililofunguliwa mwaka 1988. Nikisoma takwimu za urefu na uzito wa daraja lile, siwezi kusahau kwamba chanzo chake kilikuwa hicho.

Hata Victoria Falls uliyoianzia, Mhandisi, haikuchaguliwa na basalti peke yake. Cecil Rhodes, tajiri na mwanasiasa wa kikoloni wa Kiingereza, alitaka reli ivuke karibu na maporomoko ili manyunyu yayafikie mabehewa, ingawa alifariki mwaka 1902 kabla daraja halijajengwa. Hapo hisia ya mvukaji ndiyo iliyochagua mahali, na mwamba ukakubali. Kwa sababu hiyo naona maswali mawili ya Ndugu Msafiri yana uhusiano wa karibu kuliko yanavyoonekana.

Tabibu wa Viungo

Ndugu Msafiri, kazi yangu ni kuwasaidia watu kurudia kusimama na kutembea baada ya maradhi, kwa hiyo nitajibu swali lako la pili kwa upande wa mwili. Kwanza nataka kukuondolea aibu: kulegea magoti katikati ya daraja si ujinga wala si upungufu wa imani.

Mwili hujisimamisha kwa kusikiliza mashahidi watatu, yaani macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo pamoja na viungo. Hakuna mtu anayesimama kimya kabisa. Sote huyumba kidogo mbele na nyuma, na macho hugundua kuyumba huko kwa kutazama vitu vilivyo karibu, ambavyo huonekana kusogea mwili unaposogea. Ukiwa juu ya daraja refu, vitu vya karibu vimeondoka na vilivyobaki viko mbali mno kiasi kwamba havionekani kusogea. Shahidi mmoja amenyamaza, mwili unayumba zaidi kabla ya kujirekebisha, na hofu huanza kabla akili haijasema neno. Ndiyo maana kimo peke yake hakielezi kitu. Daraja la juu lenye kuta za pembeni zinazofika kifuani huyapa macho kitu cha karibu cha kuegemea, ilhali daraja la chini lenye nyaya nyembamba pembeni na mbao zilizoachana huyanyima.

Maji yanayokimbia huongeza udanganyifu wa aina nyingine. Ukiyakodolea macho kutoka juu, na yakajaza sehemu kubwa ya unachokiona, macho huyachukua kuwa ndiyo ardhi, na ghafla unahisi kwamba daraja ndilo linalokwenda kinyume cha mkondo pamoja nawe. Dawa yake ni ndogo: inua macho na ukazie ukingo wa mbele. Ukiona aibu kushikilia chuma cha pembeni, kiguse tu kwa ncha za vidole. Mguso mwepesi usioweza kuubeba uzito wako unatosha kupunguza kuyumba, kwa sababu unaupa mwili habari uliyoikosa.

Hata hivyo si kila kuyumba ni kwa mvukaji peke yake. Daraja la waenda kwa miguu la Millennium, juu ya Mto Thames mjini London, lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000 na likafungwa baada ya siku mbili kwa sababu lilikuwa likiyumba kulia na kushoto chini ya umati. Mtu anayetembea hupiga hatua takriban mbili kwa sekunde, na kila hatua husukuma sakafu kidogo upande, mguu wa kushoto huku na wa kulia kule, hivyo msukumo wa upande hurudi mara moja hivi kwa sekunde. Daraja lile lilikuwa jembamba, la nyaya zilizolazwa chini chini, na lilipenda kuyumba kwa mwendo unaokaribia huo. Sakafu ilipoanza kusogea kidogo, watu walipanua miguu na kukanyaga kwa kufuata myumbo ili wasianguke, kama kila mwenye mwili angefanya, na kwa kufanya hivyo wakaulisha myumbo ule nguvu zaidi. Hakuna aliyepatana na mwenzake. Daraja ndilo lililowapatanisha. Wahandisi walibaini kwamba watu wakiwa wachache hakuna kinachotokea, na idadi ikivuka kiwango fulani myumbo hukua kwa haraka. Lilifunguliwa tena mwaka 2002 baada ya kufungwa vifaa vingi vya kumeza mtikisiko, na leo hupitwa na makundi makubwa bila taabu.

Kuna jambo moja ambalo vipimo havilifikii, nami nalithamini sana. Juu ya Mto Apurímac nchini Peru lipo daraja la nyasi zilizosokotwa, Q'eswachaka, ambalo jamii za kingo mbili hulisuka upya kila mwaka. Linayumba kuliko daraja lolote la zege, na bado wanaolisuka hulivuka kwa mwendo wa kawaida, kwa kuwa wanazijua kamba zake na mikono iliyozisokota. Nimeona jambo hilohilo kwa wagonjwa wangu: mtu hustahimili mtikisiko anaouelewa, na huogopa mtikisiko mdogo zaidi asioujua unatoka wapi.

Dereva wa Malori

Shukrani kwako, Tabibu. Nami nichangie kwa upande wa usukani, kwa kuwa aliye ndani ya gari hakanyagi daraja kwa miguu lakini huvuka nalo vilevile.

Jambo linalonigusa zaidi ni upepo. Lori tupu lenye bodi ndefu hushikwa kama tanga, na mahali pagumu si katikati ya daraja bali pale unapopita nyuma ya mnara: kwa muda mfupi mnara unakukinga, mikono inalegea kwenye usukani, kisha unatoka kwenye kivuli chake na upepo unakupiga ubavuni kwa mara moja. Wajenzi wa daraja la Millau nchini Ufaransa, lililofunguliwa mwaka 2004 na ambalo mnara wake mrefu zaidi unafika mita 343 kutoka bondeni, waliweka ngao za upepo zenye kimo cha mita 3 pembeni mwa barabara. Njia yenyewe imepindwa kidogo sana na kuinamishwa kidogo, ili dereva aone mbele yake minara na nyaya zikipangika, asihisi kwamba anaelea hewani. Daraja la Confederation nchini Kanada, lililofunguliwa mwaka 1997 na lenye urefu wa takriban kilomita 12.9, nalo lina mipindo, na miongoni mwa sababu zake ni kumweka dereva macho, kwa kuwa mstari mnyoofu wa urefu ule juu ya maji hulewesha. Kwa hiyo Ndugu Msafiri, mpindo unaweza kutokana na mpaka wa nchi, na unaweza pia kuwa umewekwa kwa ajili ya kichwa cha anayeendesha.

Nakubali kwa moyo wote aliyosema Tabibu kuhusu aibu. Kwenye daraja la Mackinac huko Marekani, lililofunguliwa mwaka 1957, wasimamizi wa daraja humsaidia dereva anayeogopa kwa kumpa mtu wa kumwendeshea gari lake hadi ng'ambo. Njia za ndani za daraja hilo ni vyuma vilivyosukwa wazi, magurudumu yanavuma juu yake, na anayetazama chini anaona maji. Huduma hiyo haingekuwapo kama waoga wangekuwa mmoja au wawili.

Nina swali kwa Mhandisi. Karibu kila daraja ninalovuka, hata lililo jipya, lori huruka mara mbili: linapoingia na linapotoka. Katikati pamenyooka, lakini kwenye ncha kuna kishindo. Kwa nini mafundi wanaoweza kusimamisha minara washindwe kulainisha mita chache za mwanzo na mwisho?

Msafiri wa Nchi Kavu (mwulizaji)

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Nimesoma kila neno. Kabla Mhandisi hajamjibu Dereva, naomba niongeze swali moja lililozaliwa na maelezo ya Tabibu. Kama hofu yangu hupungua ninapouelewa mtikisiko, basi nieleweshwe: daraja linalotikisika ni dhaifu? Na kuna namna yoyote ambayo mtu wa kawaida anaweza kutofautisha mtikisiko wa kawaida na ule wa kukimbia?

Mhandisi wa Mito

Ndugu Msafiri, kutikisika si udhaifu. Kiasi cha mtikisiko hutokana kwa sehemu kubwa na umbali kati ya nguzo na nguzo, na umbali huo huamuliwa na mahali. Penye maji mafupi na sakafu ya mto iliyo imara tunaweka nguzo nyingi karibu karibu, daraja linakuwa gumu, na wewe unalivuka bila kuhisi kitu. Penye maji marefu, mkondo mkali au njia ya meli, nguzo za katikati haziwezekani, daraja linalazimika kuning'inia kwenye nyaya kutoka mnara hadi mnara, na kitu kirefu kinachoning'inia hakina budi kujongea kinapobeba mzigo. Kwa hiyo magoti yako, bila kujua, yanapima kina cha maji yaliyo chini. Nakubaliana na Mpenda Historia kwamba maswali yako mawili yanakaribiana, na hapa ndipo ninapoona yanakutana.

Ni afadhali daraja la namna hiyo lijongee kuliko kukataa. Mwezi Mei 1987, katika sherehe za miaka 50 ya daraja la Golden Gate huko Marekani, watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 walijazana juu yake kwa wakati mmoja hadi mgongo wake ulioinuka katikati ukabonyea na kulala bapa. Picha za siku hiyo hutisha, lakini daraja lilirudi katika umbo lake walipoondoka. Joto nalo huliendesha daraja kila siku: chuma chenye urefu wa kilomita 1 hurefuka kwa takriban sentimita 36 joto likipanda kwa nyuzi 30, na ndiyo maana huachwa nafasi zenye meno ya chuma sakafuni, ambazo bila shaka Dereva anaufahamu mlio wake.

Mtikisiko wa kuhofiwa ni ule unaokua wenyewe ilhali mzigo haujaongezeka. Daraja la Tacoma Narrows nchini Marekani lilifunguliwa tarehe 1 Julai 1940 na kuanguka tarehe 7 Novemba mwaka huohuo, katika upepo wa takriban kilomita 64 kwa saa, ambao haukuwa kimbunga. Sakafu yake ilikuwa nyembamba na nyepesi mno. Ilipoanza kujisokota, kila msokoto uliunasa upepo kwa namna iliyoongeza msokoto uliofuata. Tangu hapo madaraja marefu hupimwa kwa mifano yao mbele ya upepo wa maabara kabla ya kujengwa. Kwa mtu wa kawaida ningesema hivi: mtikisiko unaokuja na lori na kuondoka na lori ni wa kawaida. Kinachostahili kutolewa taarifa ni mabadiliko yasiyoondoka, kwa mfano reli za pembeni zilizokuwa zimenyooka na sasa zimebonyea mahali fulani, nguzo iliyoinama, au shimo jipya la udongo kando ya ncha ya daraja. Na baada ya mafuriko makubwa, usilivuke daraja lililofungwa kwa sababu tu unaliona limesimama. Waliolifunga wanasubiri kupima usiyoweza kuyaona, yaani sakafu ya mto chini ya nguzo.

Sasa nije kwako, Dereva. Kishindo unachokisikia kinatokana na ukweli kwamba daraja na barabara havisimami juu ya kitu kimoja. Daraja limesimama juu ya nguzo zilizoshushwa hadi kwenye tabaka gumu, pengine makumi ya mita chini, na halishuki. Barabara inayolifikia imepanda juu ya tuta la udongo uliomwagwa na kushindiliwa, na tuta hilo limelazwa juu ya udongo wa ukingoni, ambao kwa kawaida ndio laini kuliko wote kwa sababu mto wenyewe ndio ulioulaza hapo. Uzito wa tuta huukamua maji polepole, na kushuka kwake kunaweza kuendelea kwa miaka mingi baada ya sherehe za ufunguzi, na hapo hutokea ngazi ndogo kati ya kinachoshuka na kisichoshuka. Tunaweza kuipunguza kwa kulaza bamba la zege linaloegemea daraja upande mmoja na tuta upande mwingine, ili ngazi igeuke kuwa mteremko, au kwa kulijenga tuta mapema na kuliacha likae kwa muda kabla ya kuweka lami. Njia hiyo ya pili ni nzuri zaidi, lakini inahitaji subira ambayo wenye kulipia mradi mara nyingi hawana. Kwa hiyo ukiona kishindo kwenye daraja unalolipita mara kwa mara kinakuwa kikali mwaka hadi mwaka, ujue tuta bado linashuka, na uwaarifu wanaohudumia barabara wakaliinue upya kabla maji ya mvua hayajapata njia ya kupita chini ya bamba na kuuhamisha udongo uliobaki.